50mm f/1.8 mpya au 85mm f/1.8 iliyotumika? Nina Canon 700D na chumba kidogo

Bintitanga

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu kabla sijatuma hela Dar.

Nina kistudio hapa Ngamiani, Tanga. Katikati ya wiki ni paspoti saizi, picha za wanafunzi, na watoto wachanga waliovalishwa hadi soksi na joto lote hili. Jumamosi wanakuja mabinti wamejipara, wanataka picha za kuposti. Nikipata bahati, wikiendi naitwa kwenye sendofu au kicheni pati. Kamera ni Canon 700D na lenzi niliyouziwa nayo, 18-55 IS STM. Ninazo taa mbili za miamvuli na flashi moja ya kuchomeka juu ya kamera. Hapo ndipo mtaji wangu ulipoishia.

Kinachonitesa ni simu. Mteja anapozi vizuri, napiga, namwonyesha. Anatazama, anaguna, anatoa simu yake. Ananionyesha picha aliyopigwa na shoga yake kule Raskazone: uso umetoka, bahari yote nyuma imeyeyuka. "Dada, kamera yote hii haiwezi kutoa hivi?" Mimi hapo nimeshafungua lenzi hadi mwisho wake, 55mm f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo ndivyo tundu la kuingizia mwanga linavyokuwa pana), na pazia langu la nyuma linaonekana hadi mkunjo wa pasi. Simu inafanya vile kwa programu, najua, na ukikuza utakuta imekula nusu ya hereni. Lakini mteja hakuzi picha. Mteja analipa au halipi.

Ukumbini ndiyo balaa zaidi. Mapambo ya siku hizi ni taa za zambarau na buluu, mwali anaingia kwa kucheza, mimi niko ISO 6400 (nimeilazimisha kamera kuona gizani), shata 1/60 ya sekunde, na bado uso una chenga na mikono imevutika. Nikipiga flashi ya usoni, anatoka kama picha ya kitambulisho na lile pambo walilolilipia mamilioni linazama gizani. Kuelekeza flashi juu nako hakunisaidii, dari wamelifunika vitambaa vya rangi, basi na mwali anageuka wa pinki.

Kuna muuzaji Dar ana lenzi mbili. Canon 50mm f/1.8 STM mpya, 380,000. Canon 85mm f/1.8 USM iliyotumika, anataka 850,000, anasema maelewano yapo. Kila ninayemuuliza ananiambia 85 ndiyo lenzi ya potreti, 50 ni ya wanaoanza. Ya 50 naweza kuilipa leo na kodi ya fremu ikabaki. Ya 85 lazima nisubiri zamu yangu ya mchezo.

Swali langu: kwa kazi hizi zangu, kuna kitu 85 itanipa cha kunifanya nisubiri? Na hii f/1.8 inasaidia kweli ukumbini au ni maneno ya wauzaji?

Chuga_Potreti

Dada subiri zamu yako ya mchezo uchukue 85, usijiulize mara mbili. Mimi ninayo kwenye 6D, na kazi zangu nyingi ni za nje, wanandoa kwenye mashamba ya kahawa huku Arusha. Uso unatoka na umbo lake, pua haivimbi, nyuma kunakuwa maziwa. Ni lenzi ya mwaka 1992 hiyo na hadi leo watu wanaigombania. Halafu mota yake ya USM inakamata fokasi chap, STM ya 50 inasuasua kidogo. Ya 50 utaichoka, utaiuza kwa hasara.

Kabwela_Mzito

Nunua iPhone umalize kesi. Natania dada, nisipigwe.

FundiLenzi

Chuga, wewe una 6D, sensa kubwa, yaani kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Mwenzako ana 700D, sensa ndogo, na kwa Canon hizo hesabu yake ni kuzidisha kwa 1.6. 50 kwenye kamera yake inakata picha kama 80 ingekata kwenye yako. 85 kwake inakata kama 136. Raha unayomsimulia, yeye ataikuta kwenye 50.

Na hilo la pua, tusiwapotoshe watu. Pua inavimba kwa sababu ya umbali uliosimama, lenzi iwe yoyote. Ukimsogelea mtu nusu mita, pua inatangulia na masikio yanajificha. Ukirudi mita mbili, uso unatulia. 85 inakulazimisha kurudi nyuma, hiyo ndiyo siri yake.

Dada Bintitanga, kabla hujafika kwenye bei, chukua futi kamba upime kutoka pazia lako la nyuma hadi mlangoni. Nasema hivi kwa sababu chumba ndicho kitakachokuamulia. Ukiishika 700D wima na unataka mtu kuanzia kiunoni kwenda juu, tuseme sentimita 80 za picha, na 50mm unasimama kama mita 2 kutoka kwake. Na 85mm ni mita 3 na ushee. Akitaka wima mzima, unyayo hadi kilemba, mita 2 za picha, 50mm inadai mita 4 na nusu na 85mm inakaribia mita 8. Bado hujaweka nafasi kati ya mteja na pazia. Angalau mita 1, ikifika 1.5 ni bora, maana mtu ukimgandisha kwenye pazia hakuna tundu litakalolififisha. Bado na wewe mwenyewe, mwili wako unataka pa kusimama nyuma ya kamera. Fremu za mjini tunazijua. Na 85 utakuwa unapigia barabarani, bajaji zinapita kati yako na mteja.

Sasa kuhusu kufifisha. Kinachofanya kazi pale ni upana wa tundu lenyewe, na unaupata kwa kugawanya tu. 55 gawanya kwa 5.6, tundu la milimita 10 kasoro kidogo, ndiyo uliyonayo leo. 50 kwa 1.8 ni milimita 28. 85 kwa 1.8 ni milimita 47. Kwa hiyo Chuga hajasema uongo, 85 inafifisha zaidi, hasa vitu vilivyo mbali kama hiyo bahari ya Raskazone. Ila kutoka 10 kwenda 28 ndiko mteja wako atakakofungua mdomo. Kutoka 28 kwenda 47 hataona mpaka umwekee picha mbili ubavu kwa ubavu, na yeye anakuja kuchukua moja.

Nije kwenye hiyo 85 iliyotumika, maana mimi kazi yangu ni kufungua lenzi na nyingi zinazonijia ni za watu wa pwani. Lenzi za Canon zikiwa nje ya kamera tundu linakaa wazi, kwa hiyo unaweza kuona hadi ndani. Washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili, igeuzegeuze taratibu. Chembe chache za vumbi zisikutishe, kila lenzi yenye umri inazo. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba sana, kama utando wa buibui, zinazoanzia pembeni na kutambaa kuelekea katikati. Hiyo ni fangasi. Ikishakula mipako ya kioo, hata nikiisafisha alama inabaki, na ukipiga ukiwa umeelekea mwanga picha inapauka yote. Hewa ya Dar, Tanga, Unguja na Mombasa inailea vizuri sana. Lenzi inalazwa kwenye begi, begi linalazwa kabatini, mvua za masika zinapita, ukiifungua ina ramani. Ile ya kwako hata ikiwa mpya itafutie kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, tupia vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, na uvibadilishe vikishalemaa. Afadhali zaidi itumie kila wiki.

Picha za WhatsApp hazionyeshi fangasi. Kama huwezi kufika mwenyewe na tochi yako, hiyo 850,000 usiitume.

Jambo dogo la mwisho juu ya 85 hiyo: ikiwa f/1.8, penye weupe mkali unaopakana na giza inachora mstari wa zambarau. Shela jeupe kwenye jua utauona pembeni mwa shela lote. Ukifunga hadi f/2.8 unapungua sana, lakini hapo umeshaacha kile ulichokilipia.

Kkoo_Vifaa

Kuna Yongnuo 50mm f/1.8 inayoingia kwenye kamera za Canon, bei chini kuliko hiyo STM. Tundu lile lile, nyuma kunafifia vile vile. Tunazo, karibu dukani.

FundiLenzi

Kkoo, za watoto wachanga waliolala sawa. Kwa mwali anayeingia akicheza, mota ile itamtafuta hadi afike jukwaani. Ile imeigizwa kutoka 50mm ya zamani ya Canon, na hata hiyo ya zamani fokasi yake ilikuwa ya kelele.

BiHarusi_Mvita

Salaam aleikum dadangu. Mimi napiga harusi za kina mama huku Mombasa, zile ambazo mwanamume haingii, kwa hiyo ukumbi wenye taa za ajabu naujua. Nakujibu lile swali lako la pili, hawa kaka zetu wameliruka.

Inasaidia, tena sana. Lakini usipange kuishi kwenye f/1.8. Fanya hesabu na f/2. Kutoka 5.6 hadi 2 mwanga unaoingia ni mara 8. Ile ISO 6400 na 1/60 yako inageuka ISO 1600 na shata 1/100, na bado unabakiwa na akiba kidogo. Chenga zinapungua, mkono wa mwali unasimama. Nimesema 1/100 kwa makusudi. Umeme wetu ni wa 50Hz, kwenu na kwetu, na zile taa za LED zinapepesa bila wewe kuona. Ukipiga 1/160 au 1/200 unaweza kukuta mistari ya giza imelala juu ya picha. Kwenye 1/100 au 1/50 mara nyingi inaondoka. Taa za rahisi za mapambo zina vituko vyao, kwa hiyo fika mapema, piga za majaribio wakati wapambaji bado wanafunga maua.

Lenzi hiyo ya 50 haina kituliza mtikisiko kama 18-55 yako. Usilie nayo, kituliza kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza.

Sasa la kukuonya. Ukisimama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, 50mm ikiwa f/1.8 kwenye kamera yako, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 6, mbele na nyuma kwa pamoja. Jicho la karibu kali, sikio limekwenda. Kwa potreti ya mtu mmoja ni tamu. Lakini mamake mwali akija kusimama nyuma kidogo ya bega la mwanawe, umempoteza mamake, na mamake ndiye mwenye kulipa. Watu wawili sogea f/2.8 na uwapange nyuso zao ziwe sawasawa mbele yako. Mashangazi wakijaa mstari mzima, rudi kwenye 18-55, f/5.6, flashi, wala usione haya.

Na fokasi usiiachie kamera ichague. 700D ina vituo 9 vya fokasi, na ikijichagulia itapenda kitu kilicho karibu zaidi, ndiyo unapata hereni kali na macho yamelala. Chagua kituo kimoja wewe mwenyewe. Cha katikati ndicho chenye nguvu zaidi gizani, lakini ukikamata jicho kwa cha katikati kisha ukaipeleka kamera pembeni kupanga picha, zile sentimita 6 zinakuponyoka. Kwa hiyo penye mwanga wa kutosha tumia kituo kilicho karibu na jicho, gizani tumia cha katikati na ukate picha baadaye kwenye kompyuta.

Kuna jengine halihusu lenzi lakini litakuharibia lenzi yako mpya. Kamera hupima mwanga ikidhani dunia nzima ni ya kijivu. Bibi harusi wetu mweusi, shela jeupe limejaa picha nzima: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unakuwa kiza. Halafu mtu anamlaumu aliyempaka rangi usoni. Weka kipimo cha mwanga kipime kale kaduara ka katikati tu, pima shavuni, au ongeza mwanga hatua moja kisha utazame. Shela likipoteza nyuzi chache hakuna atakayekuuliza. Uso ukiwa na kiza utaulizwa na ukoo mzima.

Chuga_Potreti

FundiLenzi nimekuelewa kwenye hilo la sensa, nilisoma 700D nikapitiliza. Kwa nje bado nasema 85, hata kwenye hiyo 700D. Pale Raskazone nafasi ya kurudi nyuma ipo mpaka uchoke.

Bintitanga

Jamani asanteni, sikutegemea majibu marefu hivi.

Nimepima. Pazia hadi mlango ni mita 4.3, na mlango wangu unafunguka kwa ndani. Nimeazima 55-250 ya rafiki yangu nikaiweka 85, mdogo wangu akakaa kwenye stuli mita moja kutoka pazia. Ili nimpate kiunoni kwenda juu nimeegemea mlango hadi bawaba zinalalamika, na nikitaka mikono yake yote iingie natakiwa niwe kibarazani kwa muuza vitumbua. Nikarudi kwenye 18-55, nikaiweka 50, nikapata nilichotaka na nafasi ya kumzunguka ikabaki. Wima mzima hata 50 haiingii, hapo nitaendelea na 18-55 kwenye 35 hivi.

Dada BiHarusi, lile la shela nimelijaribu na shuka jeupe hapa hapa studio. Nimemfunga mdogo wangu hadi kidevuni, kipimo cha kawaida uso ukawa wa jioni. Nikapima shavuni, uso ukarudi. Miaka yote nilikuwa naongeza mwanga kwenye kompyuta na kuletewa chenga, nikidhani kamera imechoka.

Kwa hiyo ni 50. Kaka Chuga usinune. Wateja wangu wa kwenda Raskazone ni wachache kuliko wa kukaa kwenye stuli, na hata kule naona 50 itanitosha kuwaziba mdomo wenye simu. Inayobaki nataka ninunue ubao mkubwa wa kurudishia mwanga, maana mwamvuli wangu mmoja umeshapasuka.

Nitapanda basi mwenyewe Jumanne. FundiLenzi, kwa lenzi mpya napo kuna cha kuangalia? Na nimesikia habari za lenzi kukamata fokasi mbele au nyuma ya ulipolenga, nitajuaje pale pale dukani bila kuonekana msumbufu?

FundiLenzi

Kuwa msumbufu, hela ni yako.

Kwanza soma boksi na shingo ya lenzi: iandikwe EF 50mm 1:1.8 STM. Kuna RF 50mm f/1.8 STM, ya mwaka 2020, ni ya kamera za Canon zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), na haiingii kwenye 700D kwa namna yoyote. Muuzaji mwenye haraka anaweza kukufungia hiyo. Njia nyepesi ya kuzitofautisha ni mdomo wa mbele. EF inachukua filta ya 49mm, RF inachukua ya 43mm. Kinyume chake inawezekana, siku ukihamia kamera hizo mpya EF yako utaivalisha adapta na kuendelea nayo.

Nenda na kamera yako. Hili ni la lazima, kwa sababu 700D haina menyu ya kurekebisha fokasi ya lenzi moja moja kama kamera kubwa zinavyo. Lenzi ikikataana na mwili wa kamera yako, dawa ni kuchukua nyingine ya pale pale rafuni. Weka gazeti kaunta, simama pembeni ulitazame kwa mlalo, f/1.8, kituo cha katikati, lenga mstari mmoja wa kichwa cha habari kutoka kama mita moja. Piga ukichungulia kwenye kitundu cha kutazamia. Kisha washa kioo cha nyuma cha kuonyeshea picha, lenga mstari ule ule, piga tena. Kuza zote mbili. Ile ya kioo cha nyuma inasoma fokasi kwenye sensa yenyewe, ndiyo shahidi wako. Kama kwenye ya kitundu maneno makali yamehamia mstari wa mbele au wa nyuma, rudia kidogo uone kama ni tabia au ni mkono wako. Ikiwa ni tabia, omba nyingine.

Kikinga jua chake kinaitwa ES-68, hakiji ndani ya boksi, na vya kuiga vipo vya bei ndogo vinafanya kazi ile ile. Kinunue. Lenzi hii ikiwa inakamata fokasi, kile kipande cha mbele kinatoka nje na kuingia, na kikigongwa kikiwa nje ndipo zinapokuja mezani kwangu. Uzime kamera baada ya kipande kurudi ndani.

Risiti iandikwe namba ya lenzi, usikubali iandikwe "lens 1".